Je, Tiba Iliyopangwa Ndiyo Iliyotolewa?

Somo la robo hii kwa kamati za parokia na wafadhili: uaminifu wa utekelezaji katika utafiti wa utengamao

Kamati nyingi zimewahi kupokea taarifa ya mradi yenye maneno haya: "Huduma ilitolewa kwa walengwa wote kama ilivyopangwa." Sentensi hiyo ni fupi, inapendeza, na mara nyingi hakuna anayeihoji. Katika somo hili tutaihoji. Tutaangalia jinsi watafiti wa utengamao wanavyojiridhisha kwamba tiba waliyoipanga ndiyo hasa iliyomfikia mgonjwa, na kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi tunaochanga fedha, tunaozisimamia na tunaowatuma wahudumu vijijini.

Kwa neno utengamao tunamaanisha huduma zinazomsaidia mtu aliyepata ulemavu, ugonjwa au jeraha aweze tena kufanya shughuli zake: kutembea, kula mwenyewe, kuongea, kurudi shambani au kazini. Ndani yake kuna mazoezi ya viungo, mafunzo ya usemi, viungo bandia, vifaa vya kutembelea, pamoja na kuifundisha familia namna ya kumhudumia mgonjwa nyumbani.

KIDONGE NA MAZOEZI SI KITU KIMOJA

Watafiti wanapojaribu kidonge kipya, kazi yao ina wepesi fulani. Kidonge hutengenezwa kiwandani, na kile kinachotolewa hospitali ya mjini kina kiasi kilekile cha dawa kama kile kinachotolewa katika zahanati ya mbali. Linalobaki ni kujua kama mgonjwa alikimeza.

Utengamao hauna kiwanda. Tiba hutengenezwa upya kila siku kwa mikono na maneno ya mtu. Wahudumu wawili waliofundishwa darasa moja wanaweza kwenda kwa wagonjwa wawili wenye hali moja, wakafanya mambo mawili tofauti, kisha wote wawili wakaandika daftarini "mazoezi yamefanyika." Mmoja alikaa dakika arobaini na kumwezesha mgonjwa kusimama mara kumi. Mwingine alikuta mvua imemchelewesha, akamnyoosha mgonjwa mkono kwa dakika kumi, akanywa chai aliyokaribishwa na kuondoka. Daftari halitofautishi.

Hivyo basi, utafiti ukisema "mazoezi haya hayakusaidia," kuna maana mbili zinazowezekana. Ya kwanza ni kwamba tiba yenyewe haina nguvu. Ya pili ni kwamba tiba haikutolewa. Wataalamu wa tathmini walilipa kosa la kuchanganya mambo haya mawili jina lake: kosa la aina ya tatu. Wanatakwimu walikuwa wakitambua makosa mawili tayari, yaani kusema tiba inafaa wakati haifai, na kusema haifai wakati inafaa. Kosa la tatu ni kuipima na kuihukumu tiba ambayo kwa kweli haikuwapo. Ni sawa na mkulima kuilaumu mbegu iliyobaki stoo ndani ya gunia.

Kosa hili lina upande wa pili pia. Matokeo yakiwa mazuri, huenda yalitokana na kitu ambacho hakikuwa katika mpango. Pengine mhudumu mwenye moyo aliongeza ziara, au alileta chakula kwa familia. Tukiieneza tiba ile bila kujua hilo, tutaeneza ganda na kuacha punje.

KUTOKA WODI MOJA HADI WODI 36

Tuchukue mfano wa kweli. Mwaka 2004 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio lililofanyika katika wodi moja ya utengamao wa kiharusi. Waliwahusisha wagonjwa 300 pamoja na ndugu waliowatunza. Nusu ya ndugu walipata mafunzo yaliyopangwa: jinsi ya kumgeuza mgonjwa, kumhamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kuzuia vidonda vya kulalia, kumlisha na kuwasiliana naye. Walifanya kwa mikono yao mbele ya mtaalamu. Baada ya mwaka mmoja walezi waliofundishwa walikuwa na mzigo mwepesi zaidi na wasiwasi mdogo zaidi kuliko wenzao, wagonjwa wao waliona maisha yao yana unafuu, na gharama za matunzo zilikuwa chini.

Habari hizo zilileta matumaini makubwa. Kumfundisha ndugu wa mgonjwa hakuhitaji mashine wala jengo jipya. Kwa hiyo jaribio kubwa zaidi liliandaliwa, likahusisha wodi 36 na jozi 928 za mgonjwa na mlezi wake. Katika kila wodi iliyochaguliwa kutoa mafunzo, watumishi wachache walifundishwa na timu ya awali, kisha wakatakiwa kwenda kuwafundisha wenzao, nao wawafundishe walezi. Njia hii ya kufundishana kwa ngazi tunaifahamu sana katika miradi yetu.

Matokeo yalitolewa mwaka 2013. Hapakuwa na tofauti kati ya makundi mawili, si kwa wagonjwa wala kwa walezi.

Je, tuseme mafunzo ya walezi hayana faida? Kwa bahati njema watafiti walikuwa wamepeleka watu wa kutazama kilichokuwa kikitendeka katika baadhi ya wodi. Waligundua kwamba mafunzo hayakuwa yameingia katika ratiba ya kila siku kama yalivyokusudiwa. Wagonjwa waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema, muda wa kumfundisha ndugu ulikuwa mfupi, na si watumishi wote waliolichukua jambo hilo kuwa kazi yao. Watafiti walitaja pia jambo jingine la kufikiria: huenda siku za mwanzo baada ya kiharusi, wakati familia bado imeshtuka, si wakati mzuri wa mafunzo ya aina hiyo.

Angalieni thamani ya ule uangalizi. Bila watazamaji wale, dunia ingebaki na sentensi moja tu: "Mafunzo ya walezi hayasaidii." Huenda sentensi hiyo ingefunga mlango kwa familia nyingi. Kwa sababu ya uangalizi, tunayo maswali mawili ya haki ya kuendelea kuyatafiti: tufanyeje ili mafunzo yatolewe kweli, na yatolewe lini?

SEHEMU TANO ZA KUANGALIA

Mwaka 2004 huohuo, kundi la watafiti waliokuwa wakifadhiliwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilitoa mapendekezo yanayotumika mpaka leo. Walisema uaminifu wa tiba ukaguliwe katika sehemu tano. Tuzipitie moja moja, tukimfikiria mhudumu wa parokia anayekwenda kumfundisha mama mmoja kumtunza mumewe aliyepooza upande mmoja.

1. Mpango wenyewe. Je, imeandikwa tiba ni nini hasa? Ziara ngapi, dakika ngapi, mazoezi yapi, kwa muda wa wiki ngapi? Na kundi la kulinganishia litapata nini? Mpango unaosema tu "kutoa ushauri na mazoezi" hauwezi kukaguliwa, kwa sababu hakuna kinachoweza kuonekana kimepungua. Aidha mpango useme itakuwaje mhudumu akiugua au barabara ikikatika.

2. Mafunzo ya watoa huduma. Kuhudhuria semina si kujua kazi. Mhudumu aonyeshe ujuzi wake mbele ya msimamizi kabla hajatumwa, na ajaribiwe tena baada ya miezi kadhaa, maana ujuzi usiokumbushwa hufifia. Wanaoajiriwa katikati ya mradi nao wafundishwe kwa kiwango kilekile.

3. Utoaji. Hapa tunauliza kilichofanyika siku yenyewe. Je, mhudumu alifanya yote yaliyomo katika mwongozo? Je, aliongeza mambo yasiyomo? Je, mgonjwa wa kundi la kulinganishia alipewa kwa siri ile tiba ya kundi jingine, kwa sababu tu mhudumu alimhurumia? Huruma ni jambo jema, lakini huruma ya namna hiyo hufanya makundi mawili yafanane, na mwishoni hakuna anayejua ukweli.

4. Upokeaji. Tiba iliyotolewa si lazima iwe imepokelewa. Katika sehemu hii adabu yetu inaweza kutupotosha. Mhudumu kijana anamaliza maelezo na kuuliza, "Mama, umenielewa?" Mama anajibu, "Ndiyo, mwanangu, nimeelewa, ahsante sana." Amejibu kwa heshima, huenda hakuelewa. Mhudumu aliyefundishwa vizuri husema, "Mama, naomba sasa wewe umgeuze baba, mimi nitazame." Hapo ndipo kuelewa kunapoonekana.

5. Utumiaji. Mama anaweza kuelewa yote na kuyafanya vizuri mbele ya mhudumu. Je, anayafanya usiku, mhudumu akiwa hayupo? Katika utengamao sehemu kubwa ya tiba hufanyika katika saa ambazo mtaalamu hazioni. Mgonjwa anayefanya mazoezi kwa nusu saa Jumatano na kulala kitandani siku sita zinazobaki hajapata tiba iliyopangwa, hata kama ziara zote zimeandikwa daftarini.

Sehemu hizi tano ni kama pingu za mnyororo. Ikikatika moja, zilizobaki hazivuti mzigo.

MGUU KIFUNDO: HATUA NDOGO ZENYE UZITO

Kuna tiba moja ya utengamao inayojulikana vizuri katika Afrika Mashariki ambayo inaonyesha jambo hili kuliko maneno yoyote. Ni tiba ya watoto wanaozaliwa na nyayo zilizopinda kuelekea ndani, hali ambayo wengi huiita mguu kifundo. Kwa wastani hutokea kwa takriban mtoto mmoja kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa. Asipotibiwa, mtoto hukua akikanyagia ubavu wa mguu au hata mgongo wa unyayo, kwa maumivu na mara nyingi kwa aibu isiyo yake.

Daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani, alibuni njia ya kuunyoosha mguu huo pasipo upasuaji mkubwa. Alichapisha matokeo yake ya kwanza mwaka 1963. Mguu hunyooshwa taratibu kwa mkono, kisha hufungwa plasta ngumu, ile ambayo wengine huiita hogo. Plasta hubadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi saba. Watoto wengi huhitaji pia mkato mdogo kwenye mshipa mnene wa nyuma ya kisigino, na plasta ya mwisho hukaa wiki tatu. Kisha mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa fimbo: saa 23 kwa siku katika miezi mitatu ya mwanzo, halafu wakati wa kulala tu, mpaka afike umri wa miaka minne au mitano.

Kwa miaka mingi madaktari wengi hawakuifuata njia hii. Ponseti alisisitiza kwamba plasta hushindwa pale mfanyaji asipoelewa vizuri mifupa ya mguu inavyosogea. Tazameni jinsi tofauti ndogo zinavyoharibu kazi:

- Kidole gumba cha mtabibu kinapaswa kukaa juu ya kichwa cha mfupa wa talasi, mbele kidogo ya kifundo upande wa nje. Akibonyeza mahali pengine, mifupa inayopaswa kuzunguka huzuiwa isizunguke.

- Plasta inapaswa kupanda hadi juu ya goti lililokunjwa. Plasta inayoishia chini ya goti huteleza na haiushiki mguu katika mzunguko wake.

- Unyayo usigeuzwe kwa kupindua kidole gumba cha mguu kuelekea chini. Kufanya hivyo huongeza upinde uliokuwa ukitafutiwa dawa.

Mtu anayetazama kwa mbali hataona tofauti. Ataona mtoto, maji, bandeji na plasta nyeupe. Wote wawili, aliyefuata na asiyefuata, wataandika "plasta imefungwa." Ndiyo maana mtabibu hutakiwa kuupima mguu kila wiki kwa alama zilizopangwa na daktari Shafique Pirani. Dalili sita hukaguliwa, kila moja ikipewa sifuri, nusu au moja, na jumla yake haizidi sita. Alama zikikaa palepale wiki baada ya wiki, ni ishara kwamba kuna hatua inayokosewa, na msimamizi anaweza kuitwa kabla mtoto hajapoteza miezi.

Nchini Uganda wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzao wa Chuo Kikuu cha British Columbia cha Kanada walishirikiana na Wizara ya Afya kuieneza njia hii. Nchini Malawi ilionekana kwamba hata matabibu wasio madaktari wa upasuaji wanaweza kuifanya vizuri wakifundishwa sawasawa. Kwa hiyo uaminifu hautegemei cheo. Hutegemea mafunzo, usimamizi na vipimo.

Lakini hata plasta ikifungwa vizuri, kazi haijaisha. Sababu kubwa inayojulikana ya mguu kurudi kupinda ni kuacha viatu mapema. Hapa tiba imehamia mikononi mwa mzazi. Watafiti waliowahi kuweka vihisi vidogo ndani ya viatu hivyo waligundua kwamba saa halisi za kuvaa zilikuwa pungufu kuliko zile zilizoagizwa, na pungufu pia kuliko zile ambazo wazazi walizitaja. Tusiwahukumu wazazi hao. Mtoto hulia usiku, viatu hubana, jirani husema "mbona mguu umeshanyooka, mnamtesa wa nini?", bibi huvivua kwa huruma. Mradi unaojua hayo utamwita bibi kliniki pamoja na mama. Mradi usiojua utaandika kwamba tiba imeshindwa.

TIBA IKITOLEWA KWA UAMINIFU, NA JIBU LIKAWA "HAPANA"

Wasomaji wengine wanaweza kudhani uaminifu ni njia ya kutafutia udhuru matokeo mabaya. Sivyo. Uaminifu huifanya hata habari mbaya iaminike.

Kwa muda mrefu wataalamu wengi waliamini kwamba mgonjwa wa kiharusi akiinuliwa kitandani mapema sana na mara nyingi, atapona vizuri zaidi. Jaribio kubwa lilifanywa katika hospitali 56 za nchi tano, likahusisha wagonjwa 2,104, na matokeo yakatolewa mwaka 2015. Watumishi waliandika kila mara mgonjwa alipoinuliwa: saa ngapi tangu kiharusi kitokee, mara ngapi kwa siku, kwa dakika ngapi. Kwa sababu ya kumbukumbu hizo tunajua kwa hakika kwamba kundi la kwanza lilipata zaidi: kwa kawaida dakika 31 kwa siku, dhidi ya dakika 10 katika kundi la kulinganishia.

Matokeo yakawa kinyume cha matarajio. Baada ya miezi mitatu, asilimia 46 ya walioinuliwa mapema na kwa wingi walikuwa na hali nzuri, ikilinganishwa na asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Kwa kuwa tiba ilikuwa imetolewa kweli, hakuna aliyeweza kusema "pengine haikufanyika." Wagonjwa wa leo wanakingwa na desturi ambayo nia yake ilikuwa njema lakini kipimo chake kilizidi.

Kumbukumbu zilezile zilionyesha jambo jingine. Kadiri miaka ya utafiti ilivyopita, watumishi waliokuwa wakitoa huduma ya kawaida nao walianza kuwainua wagonjwa mapema zaidi, kwa takriban nusu saa kila mwaka. Kundi la kulinganishia lilikuwa likisogea polepole kuelekea kundi la tiba. Asingeandika mtu, asingejua mtu.

UAMINIFU SI UKAIDI

Je, mhudumu ageuke kuwa mashine inayosoma mwongozo? Hapana. Katika utengamao kila mgonjwa ana nyumba yake, mwili wake na malengo yake. Mvuvi anataka kuvuta wavu, bibi anataka kupiga magoti kusali, mwanafunzi anataka kushika kalamu. Tiba isiyowatofautisha ni tiba mbaya.

Watafiti hutatua jambo hili kwa kutenganisha kiini na umbo. Kiini ni kile ambacho kikiondolewa, tiba si ile tena. Umbo ni namna ya kukifikisha. Katika mafunzo ya mlezi, kiini ni mlezi kufanya kwa mikono yake mpaka aweze. Umbo ni kitanda au mkeka, kiti cha magurudumu au kigoda, Kiswahili au lugha ya nyumbani. Mwongozo mzuri huandika waziwazi yapi hayabadiliki, yapi yanaweza kubadilika, na mabadiliko yaandikwe wapi. Mhudumu anayebadilisha umbo na kuandika ni mwaminifu. Anayebadilisha kiini kimyakimya amevunja mpango, hata kama nia yake ni njema.

WANAPIMAJE?

Hakuna njia moja inayotosha. Njia zinazotumika zaidi ni hizi:

- Orodha ya kukagulia, ambayo mhudumu huijaza mara tu baada ya ziara. Ni rahisi, lakini mtu hujipendelea.

- Msimamizi kuhudhuria baadhi ya ziara, zilizochaguliwa kwa kura na si kwa hiari ya mhudumu.

- Kurekodi sauti au picha za video kwa ridhaa ya mgonjwa, kisha mtu asiyehusika kuzipa alama.

- Kumwomba mgonjwa au mlezi aonyeshe alichojifunza.

- Shajara ya nyumbani, au vifaa vinavyohesabu hatua na saa.

Tangu mwaka 2014 upo pia mwongozo wa kimataifa wa vipengele 12 vya kuielezea tiba katika ripoti ya utafiti. Vipengele viwili vya mwisho vinadai watafiti waseme walipanga kuukagua uaminifu kwa njia gani, na kwa kweli tiba ilitolewa kwa kiasi gani. Mfadhili anayeletewa ripoti anaweza kuanza kusoma hapo.

KAMATI NA MFADHILI WAFANYE NINI?

Pale bajeti inapobana, kifungu cha kwanza kukatwa mara nyingi ni cha usimamizi na ufuatiliaji. Nauli ya msimamizi huonekana kama gharama za ofisi, na kila mchangiaji angependa shilingi yake iende moja kwa moja kwa mgonjwa. Hoja hiyo ina moyo mzuri, lakini huishia pabaya. Tukikata usimamizi, tunabaki tukilipia huduma tusiyojua kama ipo. Uwakili mwema wa fedha za watu unadai tujue.

Tunapendekeza haya:

1. Kabla ya kupitisha mradi, dai maelezo ya tiba katika ukurasa mmoja: nani, nini, mara ngapi, muda gani, kiini ni kipi.

2. Tenga kifungu cha usimamizi na mafunzo ya kukumbushia, na kisiguswe katikati ya mwaka.

3. Katika taarifa za robo mwaka, usiridhike na idadi ya waliofikiwa. Uliza pia ni wangapi walipata ziara zote, na wangapi waliweza kuonyesha walichofundishwa.

4. Mhudumu anayesema "wiki hii nilishindwa" ashukuriwe kwa ukweli wake. Tukimkemea, robo ijayo ataandika kwamba yote yalifanyika, nasi tutapoteza macho yetu.

5. Mradi ukikosa matokeo, usiufunge kabla ya kuuliza: je, ulitolewa? Na ukileta matokeo mazuri, usiupeleke parokia nyingine kabla ya kuuliza: ni nini hasa kilichotolewa?

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KAMATI

1. Chagueni huduma moja inayotolewa katika parokia yenu. Je, wanakamati watatu wanaweza kueleza kiini chake kwa maneno yanayofanana?

2. Kati ya sehemu tano, ni ipi ambayo kumbukumbu zenu haziigusi kabisa?

3. Ni mwanafamilia gani ambaye hajawahi kuitwa katika mafunzo yenu, lakini ndiye anayeamua kinachofanyika usiku?

4. Mhudumu wenu akishindwa kutekeleza mpango, ana mtu wa kumweleza bila hofu?

Ndugu wasomaji, nyuma ya kila tarakimu katika taarifa kuna familia iliyotoa muda wake, nauli yake na matumaini yake. Mama aliyembeba mtoto mgongoni kila wiki kwa ajili ya plasta anastahili plasta iliyofungwa sawasawa, na anastahili pia kuwa na watu wanaohakikisha kwamba imefungwa hivyo. Tukutane katika toleo lijalo.